Kila Mtu na Sinia Lake

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza na mimi nimeanza kuandika, maana nisipoandika nitamtukana mtu.

Kando ya mto tumefunga bodi kumi na mbili za kielektroniki, kila moja na nguzo yake. Tatu zimekwisha zima. Betri zimekauka kabisa, na hazijamaliza hata mwezi. Hizi ndizo betri ambazo bosi aliwaahidi watu wa mtaa wa chini, kwa kipaza sauti, kwamba zitadumu misimu miwili ya mvua.

Kazi ya bodi ni ndogo. Chini ya kila nguzo kuna boya. Maji yakiliinua, chipu inaamka na kupiga king'ora, watu wanachukua watoto na kupanda mlimani. Muda mwingine wote chipu inatakiwa ilale, inyonye umeme kiduchu wa kupumulia tu. Betri ikiisha, mto utapanda kimya kimya. Na mdogo wangu anakaa mtaa wa chini, nyumba ya nne kutoka mtoni, na mimba ya miezi minane.

Jumanne, 5 Machi

Bosi kasema tatizo ni betri. Kanunua nyingine. Zilezile, duka lilelile.

Alhamisi, 7 Machi

Bodi tatu nimezirudisha mezani. Nimeunga mita katikati ya betri na bodi nione inakula kiasi gani ikiwa imelala. Mikroampea nane. Safi kabisa, ndivyo nilivyoichora. Nikainama nisome vizuri, namba ikaruka mara mia. Nikakaa nyuma, ikashuka. Nikaenda kuchemsha chai, nikachungulia toka mlangoni: nane. Nikarudi mezani: mia tisa.

Nikasema mita imekufa. Nikaazima ya fundi redio wa pale kona, naye akanipa kwa masharti kama anaozesha binti yake. Nayo ikafanya vilevile. Nikikaa mbali bodi inalala, nikisogea inakurupuka.

Nilipomsimulia mama jioni alicheka mpaka akashika ubavu. "Labda inakuogopa, mwanangu. Na mimi ukiingia na huo uso nashtuka."

Ijumaa, 8 Machi

Mvua kutwa. Nguzo ya tisa nayo imezima. Sina la kuandika lenye heshima.

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu na mumewe walikuja kula kwa mama. Huyu shemeji yangu ndiye anayeandika programu za bodi zetu. Kutwa ana spika masikioni, ukimwita mara tatu anaitika ya nne. Kwangu mimi jambo lilikuwa wazi: kama chipu inakula umeme wakati imelala, basi haijalala, na aliyepewa kazi ya kuilaza ni yeye.

Nikamwuliza palepale, kijiko mkononi. "Shemeji, hiyo programu yako inalala kweli au inafumba macho tu?"

"Inalala, shemeji. Nimeijaribu."

"Umeijaribu wapi?"

"Mezani kwangu."

"Mezani kwako mvua inanyesha?"

"Na wewe risasi yako ya kulehemu umeitia wapi, mtoni?"

Mama akagonga meza. "Nyinyi wawili! Hapa ni chakula, si karakana. Na wewe, mwache mkwe wangu ale." Mkwe wake! Mimi niliyetoka tumboni mwake natakiwa nimwache mkwe ale.

Wakati wa kuondoka mdogo wangu alinishika mkono pale mlangoni. "Dada, mto umefika kwenye mawe ya kufulia. Hivyo vitu vyenu vitalia au havitalia?"

Nikamwambia vitalia. Nimeudhika na jibu langu mpaka sasa.

Jumatatu, 11 Machi

Inabidi niandike kuhusu masinia, maana bila masinia mtu hawezi kuielewa karakana yetu.

Mwaka jana mimi na shemeji tulibishana mbele ya wageni. Wageni walipoondoka, bosi alinunua masinia matatu ya bati na kutunga sheria. Mimi nikimaliza kuchora na kulehemu naweka bodi kwenye sinia langu. Shemeji anaichukua, anatia programu, anaweka kwenye lake. Bosi anaichukua, anaifunga kwenye boksi. "Kila mtu na sinia lake," alisema. "Fundi asiulize mambo ya programu, wa programu asiulize mambo ya fundi. Mwenye swali aje kwangu." Tangu hapo kumetulia sana. Wageni wanatusifu kwa utulivu wetu.

Bosi tunamwita Punguza, akiwa hasikii. Hajawahi kuona kitu akakiacha kilivyo. Ukimwonyesha waya wa futi mbili anauliza kama wa futi moja hautoshi.

Leo Punguza katukusanya kutuambia wafadhili wanakuja Ijumaa ya tarehe ishirini na mbili kuona mradi, na kwamba amekwisha gundua tatizo. Tatizo ni mimi. "Dada una mkono mzito. Risasi inamwagika, umeme unavuja." Kasema hivyo mbele ya mfagiaji! Miaka yote hii nimelehemu kwa mikono hii, na hajawahi kurudishiwa bodi hata moja kwa sababu ya risasi. Shemeji alikuwa ametazama viatu vyake. Nikamwona mtu wa ovyo kuliko wote waliowahi kuoa katika familia yetu, na tumewahi kupata wa ovyo.

Jumanne, 12 Machi

Nimekagua viungo vyote vya bodi zilizorudi, kimoja kimoja, kwa kioo cha kukuzia. Hakuna kibaya. Hakuna!

Alhamisi, 14 Machi

Leo nitaandika mpaka kalamu iishe.

Asubuhi niliweka ndoo ya maji ya moto chini ya meza nione mvuke utafanya nini. Namba ikapanda na kukaa huko huko. Basi nikajua ni unyevu, na unyevu ndio kila kitu kule mtoni. Lakini unyevu unaingilia wapi? Bodi nimeisafisha, nimeikausha, nimeipaka vanishi. Nikakaa mbali nayo mikono kifuani, kama watu waliogombana.

Akaja shemeji kuchukua mwavuli wake aliousahau mezani kwangu. Akanyoosha mkono juu ya meza. Namba ikaruka. Akasimama. Akaurudisha mkono, namba ikashuka. Akavua zile spika masikioni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nayaona masikio yake.

"Inafanya hivyo kwa kila mtu?"

"Nilidhani kwangu tu."

Hakuomba ruhusa. Aliketi kwenye kiti changu, akaanza kupitisha ncha ya kidole juu ya miguu ya chipu, vile vijiti vyake vya chuma pembeni, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Nane. Nane. Nane. Alipofika mguu wa kona, mita ikapagawa.

"Mguu huu una nini?"

"Hauna kitu. Ulikuwa wa boya la pili. Punguza alisema boya moja linatosha, tukaliondoa."

"Najua boya liliondoka. Rezista yake iko wapi? Ile ya kuushikiza mguu?"

"Aliiondoa pia. Alisema kama hakuna boya, rezista ya nini. Nikamwambia basi amwambie wa programu aushikize kwa ndani, kwenye chipu yenyewe. Akasema atakwambia."

Shemeji aliinua kidole kutoka kwenye chipu. "Kwa ndani niliushikiza tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza akaja akaniambia niondoe, maana amesikia kushikiza kwa ndani kunakula umeme. Nikamwambia sawa, ilimradi rezista ya nje ipo. Akasema ipo."

Nilikaa kwenye boksi la betri. Kwa hiyo mguu ulibaki unaning'inia, haukushikwa nje wala ndani. Na mguu wa chipu usioshikwa hauko kwenye ndiyo wala hauko kwenye hapana. Mkono ukisogea unayumba, unyevu ukipita unayumba, na ukiyumba katikati chipu inafungua njia zote mbili na umeme unapita bure, kama mlango usio na komeo siku ya upepo. Punguza alipunguza kwangu, akapunguza na kwa shemeji, kila mmoja kwa wakati wake, na kila alipopunguza alitupongeza. Sisi tuliokaa hatua tano kati ya meza na meza hatukuulizana, kwa sababu kila mtu na sinia lake.

Hasira yangu ilikuwa kubwa mno, ikabidi nicheke. Shemeji naye akacheka, ila cha kwake kilikuwa kicheko cha mtu mwenye mke mjamzito mtaa wa chini.

"Ni mstari mmoja tu wa programu," akasema. "Mstari mmoja, shemeji."

Ijumaa, 15 Machi

Tulimwendea Punguza pamoja. Tulimweleza polepole, shemeji mpaka akachora. Alisikiliza vizuri sana, halafu akasema hapana.

Maboksi yamekwisha bandikwa nembo za wafadhili. Tukiyafungua nembo zitachanika. Na wafadhili wakiuliza kwa nini yamefunguliwa tutasema nini? "Subirini wageni wapite. Baada ya tarehe ishirini na mbili mtarekebisha mpaka mchoke."

"Mto hausubiri wageni," nikasema.

"Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Sijawahi kuona methali ikitumiwa vibaya namna hii. Guu litakalovunjika si lake, yeye anakaa juu mlimani. Nilitoka bila kuaga, nikaubamiza mlango, nao ukarudi kunigonga kiwiko. Kinauma.

Jumapili, 17 Machi

Tumemaliza. Siku mbili, nguzo zote kumi na mbili, pamoja na zile bodi tatu za mezani tulizozirudisha, bila ruhusa ya mtu.

Mimi nilipanda ngazi, nikafungua boksi, nikabadilisha betri kwa zile alizonunua Punguza, nikashusha waya. Shemeji alikuwa chini na kompyuta mapajani, anatia programu mpya. Kisha napima: nane. Naweka mkono karibu: nane. Naupulizia mguu pumzi: nane. Kisha tunalinyanyua boya kwa mkono, king'ora kinalia kidogo, tunalishusha. Nembo zilichanika zote. Nilizichana nyingine kwa makusudi, niseme ukweli.

Nguzo ya saba iko juu ya kibanda cha fundi viatu. Ni mzee mfupi, mdomo umejaa misumari, anaongea bila kuitoa. Mvua ilipokaza aliacha kazi akaja kushika mwavuli juu ya kompyuta, yeye mwenyewe analowa.

"Hiki kikilia mimi nikimbie?" akauliza.

"Ukimbie, mzee."

"Na viatu vya watu?"

"Watanunua vingine."

"Wewe huwajui hawa," akasema, akacheka na misumari yake.

King'ora cha kwake tulikijaribu mara tatu kwa sababu boya lilikuwa linakwama. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka kutuzomea, mtoto kaamka, masikio yanauma, hatuna dini. Nilifurahi mno kuzomewa. Kwa mdogo wangu tulikunywa chai, nikamwambia shemeji ana akili kuliko ninavyomdhania. Mdogo wangu akasema, "Hiyo ndiyo sifa? Basi asante." Shemeji alikuwa amerudisha spika masikioni, hakusikia, na mimi sirudii.

Jumatatu, 18 Machi

Punguza hajatusalimia. Mchana nilimwona anatoka na kipaza sauti chake, nikadhani anakwenda kujisifu mahali.

Jumanne, 19 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Hakuna nguzo iliyozima.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Baada ya chakula cha mchana tulikuwa karakana, mvua imekata kidogo. Tukasikia. Kwanza nguzo ya juu kabisa, mbali, halafu ya pili yake, halafu zikapokezana kushuka na mto. Zilikuwa zinalia! Bodi zangu, programu yake. Mimi na shemeji tulikumbatiana katikati ya karakana, tukarukaruka kama watoto. Nilikuwa nalia machozi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu siwezi kujisamehe furaha ile.

Shemeji akampigia mkewe amwambie tutamkuta mlimani. Simu aliiweka sauti ya juu, nikasikia mwenyewe.

"Mmeshatoka?"

"Kutoka wapi? Naanua nguo."

"Huvisikii ving'ora?"

"Si majaribio? Juzi bosi wenu alipita na gari akatangaza hivi: Msishtuke, mafundi wanafanya majaribio, puuzeni mpaka nitakapowatangazia mimi mwenyewe. Nikadhani mnajua."

Shemeji aliitupa simu chini na kukimbia. Mimi niliiokota nikapiga kelele tu, sijui nilisema nini, nadhani nilimwita kwa jina lake la utotoni. Nikamfuata mumewe.

Mtaa wa chini ulikuwa shwari. Nataka hili liandikwe. Ving'ora vinapasua masikio na watu wamekaa milangoni wanasuka nywele, wanapepeta, mmoja kaziba masikio kwa pamba. Nikipiga kelele, "Mto! Tokeni!", wananiangalia wananijibu kwa upole kwamba ni majaribio, wameambiwa. Mama mmoja akanihakikishia: "Usiogope, mwanangu, bosi wao alisema." Akanionea huruma! Nikamvuta mkono mpaka akanipiga kofi, na kofi lile ndilo lililomtoa nje akaona maji yanakuja barabarani, yenye povu, yamebeba mlango wa mtu.

Hapo ndipo watu walipokimbia. Shemeji alimbeba mdogo wangu mgongoni na lile tumbo, mimi nasukuma kwa nyuma, yeye analalamika kuhusu nguo. Nyumba yao ilikwenda tukiwa hatujafika nusu ya mlima. Tuliisikia tu, sikugeuka.

Walipohesabiana juu mlimani, fundi viatu hakuwepo. Aliyemwona mwisho ni mkewe. Alimwambia, "Baba wee, kinalia juu ya kichwa chako." Naye akamjibu kwamba nacho kina kazi yake ya kulia, yeye ana viatu vya harusi vya kumaliza. Wamempata leo asubuhi.

Ijumaa, 22 Machi

Wafadhili walikuja. Punguza aliwapeleka kwenye nguzo ya saba kwa sababu imesimama wima na inapendeza pichani. Kibanda cha chini yake hakipo. Akawaambia mfumo umefanya kazi kwa asilimia mia, ving'ora vyote kumi na viwili vililia, betri hazijashuka. Yote hayo ni kweli. Hilo ndilo linalonikaba.

Wakapiga makofi. Nikapita mbele. Sikuwa nimepanga.

"Mwulizeni aliwatangazia nini watu Jumatatu," nikasema.

"Fundi wetu amechoka," Punguza akasema. "Ana msiba."

"Mwulizeni."

Mgeni mmoja, mama mwenye buti mpya, akamwuliza. Punguza akasema alikuwa anapunguza taharuki. Ndivyo alivyosema, kupunguza! Yule mama hakuelewa kwa nini watu waliokuwa nyuma yangu walianza kupiga kelele. Shemeji alimweleza yote: kuhusu mguu, kuhusu nembo, kuhusu tangazo. Alieleza kwa sauti ileile ya chini anayoelezea programu, na watu wakanyamaza ili wamsikie. Huyu mtu nimemdharau miaka mitatu kwa sababu hapandishi sauti.

Baadaye Punguza alituambia tusirudi karakana. Nilirudi mara moja, kuchukua pasi yangu ya kulehemu. Masinia niliyachukua pia, nikamgawia mfagiaji akawekee kuku maji.

Jumapili, 24 Machi

Mdogo wangu kajifungua jana kwa mama, mtoto wa kike, mwenye kelele. Mkunga kasema mapafu mazuri. Shemeji anamwangalia kama anatafuta swichi.

Leo tumezunguka mtaa wa chini, au kilichobaki, nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyetutuma. Mto bado uko juu na mvua haijaisha, ving'ora viko macho, na ninajua bodi zinakula mikroampea nane kila moja, na namba hiyo haina faida yoyote kama mtu akisikia king'ora anakaa kusubiri kutangaziwa. Ile mita haina pa kuunga ili ipime hilo. Kwa hiyo tunabisha hodi.

Kwa mke wa fundi viatu nilitaka kupita bila kuingia. Shemeji akaingia kwanza, ikabidi nimfuate. Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka, watu wamemzunguka. Nikampa pole, halafu nikamwambia nililokuja nalo: kikilia, atoke. Akija mtu yeyote kumwambia ni majaribio, awe bosi, awe mkubwa wa mtaa, niwe hata mimi mwenyewe, asimsikilize, atoke kwanza.

Akayasugua magoti yake.

"Na kama kweli ni majaribio? Nimepanda mlima wote ule na magoti haya, bure?"

"Utakuwa umepanda bure, mama."

"Nitakuja kukutukana."

"Uje."

"Mpaka kwenu nitakuja. Nitakutukana mbele ya mama yako."

Nikamwelekeza nyumba yetu ilipo, mlango wa bluu, upande wa kushoto ukishapita bomba. Akaniambia nirudie polepole, maana alitaka kuikumbuka njia.